Hisabu ya Aliyerudi Salama

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, tarehe 7 Agosti 2025 ndege ya shirika la madaktari la AMREF iliruka kutoka kiwanja cha Wilson, Nairobi, ikielekea Hargeisa, na haukupita muda ila dakika chache ikaanguka Mwihoko, upande wa Ruiru. Wanne waliokuwamo ndani walikufa, na wawili waliokuwa chini wakafa pamoja nao. Wengi wetu hapa pwani tuna watoto wanaosoma Juja na Thika, na ndugu waliopanga vyumba Ruiru kwa ajili ya kazi; basi msiba wa kule si wa mbali kwetu. Juu ya sababu ya ajali ile sisi hatuna la kusema. Hiyo ni kazi ya wachunguzi, na katika Surat al-Israi, aya ya 36, tumekatazwa kufuata jambo tusilokuwa na ilimu nalo, ijapokuwa ndimi zetu hupenda sana kulifuata.

Nitakalo kulisema ni juu ya marubani wanaorudi.

Neno hili rubani sisi watu wa pwani twalijua kabla ya ndege kuonekana mbinguni, kwani ndiye mjuzi wa maji aliyekiingiza chombo bandarini kwa salama. Hawa wa leo wana ada moja ambayo wengi wetu tupandao ndege hatuioni, maana hufanyika baada ya abiria kwenda zao. Ndege ikisha kutua na mitambo kuzimwa, rubani mkuu na msaidizi wake huketi dakika tano au kumi wakaulizana: Lipi lilikwenda sawa? Lipi halikwenda? Pale tulipokuwa tukishuka, mbona mwendo ulizidi? Lile neno la mnara wa kuongozea ndege, mbona kila mmoja wetu alilisikia vingine? Lau tungerudia safari hii, tungefanya nini? Si kila rubani aitimizaye ada hii kila siku, kwani wao nao ni watu, huchoka na kutamani nyumbani. Lakini ndivyo wafundishwavyo, na walio bora katika wao huanza na kosa lao wenyewe, ili yule mdogo apate moyo wa kusema.

Zingatieni, ndugu zangu, kuwa hisabu hii haingoji ajali. Hufanywa katika safari iliyokwisha kwa salama, abiria wamekwisha kuchukua mizigo yao, hapana aliyelalamika. Na sababu yake iko karibu na Ruiru, pale Embakasi. Tarehe 20 Novemba 1974 ndege kubwa ya Lufthansa, Boeing 747, iliruka kutoka kiwanja kile ikaanguka papo hapo. Katika watu 157 walikufa 59. Ilionekana kuwa vile vibawa vya ukingo wa mbele, viisaidiavyo ndege kuinuka, havikufunguka, na marubani hawakujua. Wala haikuwa mara ya kwanza kwa ndege za namna ile kufikwa na jambo hilo. Mara zilizotangulia ziliokoka. Ilikuwamo habari ndani ya salama zile za kwanza, walakini dawa iliyoenea, nayo ni chombo cha kumwonya rubani kabla hajaruka, haikupatikana ila baada ya makaburi 59.

Hapa ndipo ulipo ugonjwa wetu. Futari ya mtaa hupikwa mwezi mzima wa Ramadhani, Idi ikafika, masufuria yakaoshwa yakarudishwa kwa wenyewe. Ukiuliza, "Mambo yalikuwaje?" utajibiwa, "Alhamdulillahi, yalipita salama." Na mwaka wa pili wajane wale wale wa nyumba za nyuma husahauliwa tena, kwa kuwa hapana aliyeketi kuuliza ni nani hakufikiwa. Kumshukuru Mwenyezi Mungu ni wajibu. Lakini Alhamdulillahi haikuwekwa iwe pazia la kuzibia mambo.

Tazameni na magari ya barabara ya Thika. Jioni dereva na utingo wake huhisabu fedha noti kwa noti, na ikipungua shilingi 100 hakuna alalaye. Ama ule usingizi uliomchukua dereva karibu na Juja, gari likayumba, abiria 14 wakapiga kelele kisha wakanyamaza, huo hauingii katika hisabu ya jioni. Kesho hutoka tena alfajiri vile vile.

Na wala tusidhani kuwa hii ni ilimu ngeni kwetu. Katika Surat al-Hashri, aya ya 18, Mwenyezi Mungu ameamrisha kila nafsi itazame iliyoyatanguliza kwa ajili ya kesho. Alikuwako Baghdad mwanachuoni al-Harith, aliyefariki mwaka 243 wa Hijra, ambaye kwa wingi wa kuihisabu nafsi yake aliitwa al-Muhasibi. Kisha Imamu al-Ghazali, katika Ihya, ameifananisha nafsi na mshirika katika biashara: asubuhi wawekeana naye masharti, mchana wamwangalia, na jioni wamtaka hisabu. Nanyi mliorithi biashara kwa mababu mwajua kuwa mwenye duka hangoji kufilisika ndipo afungue daftari. Marubani nao wana kikao kabla ya kuruka, wana kuangaliana wakiwa angani, na wana kikao wakisha kutua. Mlango ni ule ule; sisi tuliacha kuupita.

Kuna wasemao, "Vikao vya namna hii huvunja heshima. Mwalimu wa madrasa aambiwe kosa lake na kijana aliyemfundisha alifu na be?" Watu hawa na watazame yaliyotokea Tenerife tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili zilipogongana kiwanjani wakafa watu 583. Fundi mitambo wa ndege iliyokuwa ikianza kuruka aliuliza kama ile nyingine imekwisha kutoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye cheo na sifa, alimjibu kwa yakini, na yule fundi asiongeze neno. Na vitabu vya sira vyasimulia kuwa huko Badri al-Hubab bin al-Mundhir alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama mahali walipotua ni amri ya wahyi au ni rai tu; alipoambiwa kuwa ni rai, akaonyesha mahali palipo bora, na jeshi likahamia huko. Heshima gani iliyovunjika?

Tena tusichanganye. Hisabu tunayo, tena ndefu, ila twaifanya barazani baada ya isha, mwenye jambo akiwa hayupo. Hiyo ni ghiba, hata ikivikwa kanzu ya nasaha. Marubani hulisema jambo mbele ya mwenye nalo, siku ile ile. Hutaja kitendo wasitaje asili ya mtu. Kisha huinuka, na neno halitoki nje ila liwe na faida kwa marubani wengine. Toka mwaka 1976 Wamarekani wana daftari ambamo rubani huandika kosa lake kwa hiari, na jina lake likafichwa, ili wenzake wajifunze. Kamati zetu za misikiti na madrasa zaweza kuanza na dakika kumi tu baada ya kila shughuli, na mwenyekiti awe wa kwanza kutaja lake.

Na asiyeweza kustahimili makosa ya wenziwe na aisome habari ya Uhudi. Warusha mishale waliwekwa juu ya kilima, wakaambiwa wasiondoke; wengi wao wakashuka kufuata ngawira, na Waislamu wakapatwa na yaliyowapata, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni. Wahyi uliposhuka haukulificha kosa lile. Limetajwa wazi katika Surat Ali Imran. Kisha, katika aya ya 159, Mtume ameamrishwa awasamehe, awaombee maghufira, na ashauriane nao katika mambo. Wala aya haikuwatoa katika mashauri hayo wale walioshuka kilimani.