Huzuni Iliyovaa Nguo za Hasira



Siku za kujitayarisha kwa Ubatizo zinapokaribia, mmoja hunijia baada ya mafundisho na kusema kwa sauti ya chini: «Mwalimu, mimi sitafaa. Ndugu yangu amenidhulumu shamba, nami kila nikimwona moyo wawaka.» Mwingine amemzika mtoto wake, na majirani wamemwambia ya kwamba mkristu wa kweli halii, kwani kulia ni kukosa imani. Basi ameyafunga machozi yake kama mtu afungavyo mlango, na sasa hali wala halali. Leo nataka kusema na hawa wawili, na wote walio kama wao.

Tumtazame kwanza Bwana wetu mwenyewe. Huko Bethania rafiki yake Lazaro alikuwa amelala kaburini siku nne. Yezu alijua vema ya kwamba baada ya kitambo kidogo atamwita, naye atatoka. Hata hivyo, alipomwona Maria akilia pamoja na watu waliofuatana naye, yeye pia alitoa machozi mbele ya wote. Je, alikosa imani? Hasha! Tena waangalieni Marta na Maria. Kila mmoja alimwambia kwamba kama angalikuwapo, ndugu yao asingalikufa. Maneno hayo yana lawama ndani yake, na sisi tungalimkemea msichana asemaye hivyo mbele ya mgeni mkubwa. Yezu hakuwakemea.

Hata hasira aliijua. Siku ya Sabato alikuwapo katika sinagoga mtu mwenye mkono uliopooza, na watu wakamvizia Yezu waone kama atamponya, wapate kumshtaki. Mtakatifu Marko atuambia ya kwamba Yezu alikasirika, tena alihuzunika, kwa sababu ya mioyo yao migumu. Kisha akafanya nini? Hakumpiga mtu, hakumlaani mtu, alimponya mgonjwa. Hasira yake ilipata kazi njema ya kufanya.

Kwa hiyo Kanisa, katika Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992, lafundisha ya kwamba maono ya moyo, kama vile hasira, huzuni na woga, yenyewe si dhambi wala si wema. Huja bila kuitwa. Wema au ubaya huanza pale nia yetu inapoyapa njia ya kupita. Ninyi wakulima mwajua: mwenye akili hachomi majani ya shamba lake kabla ya kufyeka ukanda mpana pande zote. Moto wake na moto ulioteketeza nyumba za jirani ni moto mmoja. Ukanda tu ndio ulikuwapo huku, na kule haukuwapo.

Juu ya hasira nina neno fupi. Mtu akikasirika, moyo wapiga mbio, mikono yatetemeka, kinywa chakauka. Mwili wajiweka tayari kupigana au kukimbia. Wakati huo masikio hayasikii shauri. Basi usiamue neno lolote saa ile. Ondoka, nenda kisimani, pumua polepole, lima mstari mmoja. Mwili ukipoa, akili hurudi. Watoto wa darasa la pili wakigombana, mimi huwatuma kwanza kuteka maji, mmoja baada ya mwingine, kisha ndipo nasikiliza kesi yao. Mara nyingi wakirudi wamekwisha kuisahau. Watu wazima hawasahau upesi hivyo, najua. Wewe uliyedhulumiwa shamba, ukisha kupoa, peleka shauri lako kwa wazee mchana kweupe. Kudai haki si dhambi.

Lakini jambo linalonitia hofu katika vijiji vyetu ni huzuni iliyovaa nguo za hasira. Mtoto afa kwa malaria au kwa surua. Mama yake alia, naye hupata wa kumshika mkono. Baba haruhusiwi kulia. Ameambiwa tangu utoto ya kwamba mwanamume hatoi machozi. Usiku wa pili wa kilio chupa ya lutuku yazunguka, na uchungu ule uliofungwa watafuta mahali pa kutokea. Ndipo mtu mmoja auliza: «Nani aliyemla huyu mtoto?» Uchungu hupenda kupewa jina la mtu, kwani ni rahisi kumchukia jirani kuliko kukaa na pengo lililo moyoni. Na jina litajwalo, karibu siku zote, ni la asiye na mtetezi: mama mzee mjane, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko la miaka mingi, au mtoto yatima. Afukuzwa, nyumba yake yachomwa, pengine auawa. Mtoto aliyekufa hakurudi, na kijiji kina makaburi mawili. Lakini malaria huletwa na mbu, na surua hupita kutoka mtu hadi mtu kwa kikohozi. Yule mama mzee hakutenda neno.

Yobu alifiwa na watoto wake wote siku moja. Rafiki zake watatu walikuja, wakaketi chini pamoja naye siku saba mchana na usiku, wala hawakusema neno. Nadhani hiyo ndiyo kazi bora waliyoifanya. Walipoanza kutafuta mwenye kosa, walimchoma kwa kila neno. Na mwisho Mungu aliwakasirikia wao, si Yobu aliyepiga kelele na kulalamika.

Naye nabii Elia alichoka hata akaomba kufa. Malaika hakumhubiri. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale mara ya pili. Ndipo akaweza kuushika mwendo wa siku arobaini mpaka mlima Horebu. Ukimwona mfiwa, mpelekee ugali na maji ya kuoga, nawe uketi karibu. Usimpe lutuku: hulaza uchungu mmoja na kuamsha wawili. Na akipitisha majuma mengi bila usingizi, au akisema ya kwamba afadhali afe, usimwache peke yake hata usiku mmoja. Mpeleke kwenye kituo cha afya, umwarifu na Padri. Wengi wetu tangu vita vya 1996 tumeona mambo ambayo hurudi usiku na kututisha. Si aibu wala si pepo. Huko Bukavu, katika hospitali ya Panzi iliyofunguliwa mwaka 1999, wanawake walioumizwa vitani hutibiwa mwili, tena hupewa watu wa kuwasikiliza, kwani moyo nao una jeraha lake.

Kwa Mungu pia semeni yote. Zaburi ya 88 ni kilio tangu mwanzo, na mwisho wake ni giza. Haina shukrani hata kidogo. Hata hivyo Kanisa halikuitupa: mapadri na masista huisali Ijumaa usiku kabla ya kulala. Ijumaa hii, baada ya mafundisho, tutaisoma pamoja polepole. Mwenye kilio nyumbani kwake asingoje siku hiyo. Aje jioni yoyote. Kama simo nyumbani, nipo bustanini nyuma ya shule.