Kilima cha Baba na Nchi ya Kiapo

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 47:27–31, Mwa. 50:1–14; Yer. 29:1–14, Eze. 17:11–19, Oba. 1:10–14; Ebr. 11:8–16.

Fungu la Kukariri: Yeremia 29:7. Kila mshiriki alisome katika Biblia yake na kulikariri kabla ya Sabato.

Katika miaka ya 2007 na 2008, familia za makazi ya Katumba na Mishamo, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi, ziliulizwa swali lisilokuwa na jibu jepesi: mnarudi Burundi, au mnaomba uraia wa Tanzania? Wazee walikuwa wamevuka mpaka wakikimbia mauaji ya mwaka 1972. Watoto na wajukuu wao walizaliwa huku, wakasoma kwa Kiswahili, wakaoa na kuolewa huku. Swali hilohilo liliulizwa Ulyankulu, mkoani Tabora. Takriban watu wanne katika kila watano walichagua kubaki. Wengine, zaidi ya 50,000, walichagua kurudi.

Wahenga walisema, “Mkataa kwao mtumwa.” Je, aliyebaki amekataa kwao? Na aliyerudi, je, amekosa shukrani kwa nchi iliyompokea akiwa hana kitu? Zipo nyumba ambazo baba alitaka kurudi na mwana akataka kubaki, na wote wawili walimwomba Mungu yuleyule.

Juma hili tutaona kwamba mwamini aishiye nje ya nchi ya baba zake ana madeni mawili, moja kwa nchi alikotoka na jingine kwa nchi anakoishi. Yote mawili ni ya haki. Kosa huanza pale mtu anapotaka kulipa moja kwa kudhulumu jingine.

JUMAPILI

Usinizike Huku

Soma Mwanzo 47:27–31. Yakobo aliomba nini, na alimwomba nani?

Yakobo aliishi Misri miaka kumi na saba. Alikula chakula cha Misri na akalindwa na mfalme wa Misri. Hata hivyo, siku zake za kufa zilipokaribia, alimwita Yusufu na kumwapisha kwamba hatamzika katika nchi ile. Alitaka kulala pamoja na baba zake.

Biblia haimkemei Yakobo kwa ombi hilo. Kupenda mahali ulikotoka siyo dhambi wala siyo ukosefu wa imani. Nehemia alikuwa na kazi ya heshima katika nyumba ya mfalme wa Uajemi, lakini aliposikia habari za kuta za Yerusalemu aliketi akalia (Neh. 1:4). Paulo, mtume wa Mataifa, alikuwa na huzuni isiyokoma moyoni kwa ajili ya ndugu zake kwa jinsi ya mwili (Rum. 9:1–3). Imani haikufuta kabila la mtu wala kaburi la baba yake.

Kwa Mrundi, kwao ni kilima. Akiulizwa anatoka wapi, hutaja kilima cha baba yake. Hebu tumfikirie mzee wa Mishamo ambaye kila jioni huwatajia wajukuu majina ya vilima wasivyowahi kuviona. Kijana anaweza kuchoka, hata akamwona babu kama mtu aliyebaki nyuma. Lakini mzee yule anafanya kazi ya Yakobo. Anawaambia watoto kwamba hawakuota porini kama uyoga, kwamba walikuwako watu kabla yao, na kwamba Mungu aliwajua watu hao.

Ni nani katika ukoo wako anayetunza kumbukumbu za mlikotoka? Je, umewahi kuketi na kumsikiliza?

JUMATATU

Siku ya Tatu Mpe Jembe

Soma Yeremia 28:1–4 na 29:4–10. Kuna tofauti gani kati ya ujumbe wa Hanania na ule wa Yeremia?

Hanania aliwapa watu habari walizozitaka: miaka miwili tu, na vyombo vya hekalu vingerudi. Yeremia aliandika barua iliyoumiza zaidi. Aliwaambia mateka wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wautafutie amani mji ule waliochukuliwa kwa nguvu. Kurudi kungekuwako, lakini baada ya miaka sabini. Wengi waliosoma barua hiyo wasingeiona siku ile.

Mkimbizi hujaribiwa kuishi kwa kalenda ya Hanania. Akiamini kwamba mwaka ujao ataondoka, hapandi mwembe, maana mwembe unataka miaka. Hajengi nyumba ya kudumu, na hashughuliki na shule ya kijiji. Moyo wake uko mpakani, na watoto wake hukua katikati, hawako huku wala kule.

Historia ya Katumba na Mishamo inaonyesha njia nyingine. Watu walipelekwa katika misitu ya miombo, penye mbung'o na wanyama wakali. Mishamo ilifunguliwa mwaka 1978. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hawa walilipokea jembe. Walifyeka na kulima mahindi, maharage na muhogo, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yalikuwa yanajilisha. Porini palipokuwa hapana kitu pakawa na mashamba, masoko, shule na makanisa.

Tuangalie kwamba Yeremia hakuwaambia watu wausahau Yerusalemu. Katika barua moja aliweka mambo mawili, kupanda bustani hapa na kungoja ahadi ya kule. Anayepanda mti ugenini hajaisaliti nchi yake, kwa maana amekubali kumtumikia Mungu mahali alipo leo.

Ni kazi gani njema unayoiahirisha mahali unapoishi kwa sababu unasema, “Hapa si kwetu”?

JUMANNE

Kiapo Hata kwa Mgeni

Soma Ezekieli 17:11–19 na Zaburi 15:4. Kwa nini Mungu alimhesabia Sedekia hatia?

Sedekia alimwapia Nebukadneza, mfalme mgeni, mwabudu sanamu, aliyeichukua nchi yake kwa upanga. Kisha akatuma wajumbe Misri kwa siri kutafuta farasi na askari. Watu wengi wangemwita mzalendo. Mungu alikiita kile kiapo kiapo chake mwenyewe, na agano lile agano lake mwenyewe, kwa kuwa Sedekia alikuwa ameapa kwa jina la Mungu (2 Nya. 36:13). Ahadi iliyotolewa mbele za Mungu haigeuki kuwa nyepesi kwa sababu aliyepewa si ndugu yetu.

Jambo hili lina uzito Katavi. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Walioomba uraia iliwapasa kuukana ule wa Burundi. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kwamba zaidi ya watu 160,000 walikuwa wamekubaliwa. Lakini vyeti havikuanza kugawiwa hadi mwaka 2014, na kwa muda watu waliambiwa kwamba sharti wahame makazi yale na kutawanywa katika mikoa mingine kabla ya kuvipata. Kwa miaka hiyo walikuwa wamekwisha kuiacha nchi moja na hawajashika karatasi ya nyingine. Hatimaye waliruhusiwa kubaki walipo.

Anayekumbuka miaka ile anaweza kusema, “Afadhali mtu ajihifadhie njia mbili. Aape huku, na kule aweke karatasi nyingine akiba.” Hofu hiyo inaeleweka, na aliyelala salama siku zote asiwe mwepesi kuihukumu. Hata hivyo, Zaburi ya 15 inamsifu mtu aliyeapa kwa hasara yake na asibadili neno. Yesu anataka ndiyo yetu iwe ndiyo (Mt. 5:37). Mwamini anaweza kukataa kuapa kabla ya kuapa. Anaweza kuchagua kurudi, na hakuna wa kumlaumu. Asichoweza ni kuinua mkono mbele ya hakimu huku moyoni ameshika kinyume chake.

JUMATANO

Deni Ambalo Cheti Hakilifuti

Soma Obadia 1:10–14. Edomu alifanya kosa gani siku Yerusalemu ulipoanguka?

Kosa la kwanza linalotajwa katika aya ya 11 ni kusimama kando. Edomu alikuwa na mfalme wake na mipaka yake, wala hakuwa raia wa Yuda. Lakini Mungu anamkumbusha kwamba Yakobo ni ndugu yake. Uraia unaweza kubadilika kwa sheria. Undugu haubadiliki.

Basi aliyekana uraia wa nchi ya baba zake bado anadaiwa nini huko? Hadaiwi utii wa kisiasa, kwa kuwa huo ameutoa kwingine. Anadaiwa upendo, na upendo una kazi zinazoonekana.

Kwanza, asisimame kando. Waliorudi Burundi baada ya zaidi ya miaka thelathini, wengi walikuta mashamba yao yanalimwa na watu wengine, na baadhi ya hao waliyapata kwa njia waliyoiona halali. Ndugu aliyebaki Katumba anaweza kumsaidia aliyerudi kwa mbegu, kwa ada ya shule, na kwa kutoa ushahidi wa kweli kuhusu mpaka wa shamba la baba. Asimtumie maneno ya kumchochea alipize kisasi, huku yeye mwenyewe yuko mbali na moto atakaouwasha.

Pili, awarithishe watoto ukweli bila chuki. Zaburi ya 137 inaanza kwa machozi kando ya mito ya Babeli na inaishia kwa kutaka watoto wa adui waangamizwe. Biblia haikuficha maombi hayo, na kilio cha aliyeumizwa kina nafasi mbele za Mungu. Lakini mtoto aliyezaliwa Mishamo hakuyaona ya 1972. Ataijua chuki ile kwa jinsi tu atakavyofundishwa. Mzazi anaweza kusema, “Babu yako aliuawa, na hilo lilikuwa uovu,” bila kuongeza, “na kabila lile lote ni adui yako.”

Tatu, aombe. Mwaka 2015 Burundi iliingia tena katika msukosuko, na wakimbizi wapya wakavuka kuingia Kigoma. Wazee wa Katumba walijua maana ya safari ile kuliko mtu yeyote.

Ni lini mara ya mwisho darasa lenu liliiombea nchi ya baba wa mmoja wenu kwa kuitaja jina?

ALHAMISI

Mazishi Yenye Mataifa Mawili

Soma Mwanzo 50:1–14. Angalia Yusufu alivyotimiza wajibu wake kwa baba yake na kwa Farao.

Yusufu alikuwa na viapo viwili mikononi. Alikuwa amemwapia baba yake, na alikuwa mtumishi wa Farao. Hakutoroka usiku na maiti. Aliomba ruhusa, akaeleza kiapo chake wazi, na akaahidi kurudi (aya ya 5). Akamzika Yakobo Kanaani, na aya ya 14 inasema kwamba akarudi Misri. Baba alipata kaburi lake na Farao alimpata tena mtumishi wake. Hakuna aliyedanganywa.

Wamisri nao wana somo. Watumishi wa Farao na wazee wa Misri walipanda pamoja na Yusufu, wakaomboleza hata wenyeji wa Kanaani wakastaajabu. Hawakusema, “Kama unampenda baba yako hivyo, basi nenda moja kwa moja.” Walielewa kwamba mtu anayemheshimu baba yake ni mtu wa kuaminika hata katika nyumba ya mfalme.

Hapa pana neno kwa wenyeji wa Katavi, Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na wengine waliohamia kutoka mikoa mingine. Walawi 19:33–34 inaagiza kwamba mgeni akaaye kati yetu awe kama mzalia. Mtu ana cheti cha uraia, analipa michango, anazika nasi, lakini siku ya ugomvi wa shamba, au hata siku ya uchaguzi wa kanisa, anaitwa “mkimbizi.” Neno hilo linavunja kiapo upande wa pili. Taifa lililompokea mtu nalo limetoa ahadi, na kanisa limeahidi zaidi.

Waebrania 11:13–16 inatukumbusha kwamba sote ni wageni tunaotafuta nchi iliyo bora. Fundisho hili lisitumiwe kukwepa madeni ya duniani, kama anayesema, “Mimi ni raia wa mbinguni, Burundi na Tanzania hazinihusu.” Ibrahimu, mgeni mkuu wa imani, alinunua shamba la kaburi kwa fedha kamili, mbele ya mashahidi (Mwa. 23:16–18).

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma tena Ruthu 1:8–18. Ruthu alikwenda na Orpa akarudi. Naomi aliwabariki wote wawili kabla hawajachagua, na Biblia haisemi neno baya juu ya Orpa. Vivyo hivyo nyumba iliyogawanyika mwaka 2008, baba akienda na mwana akibaki, haikugawanyika kati ya mwaminifu na msaliti. Kila mmoja atapimwa kwa jinsi alivyotimiza neno lake upande aliouchagua, na kwa jinsi alivyoendelea kumpenda aliye ng'ambo.

Mkataa kwao ni mtumwa kweli. Lakini anayekataa kwao ni yule anayesimama kando siku ya msiba wa ndugu zake, hata kama hajawahi kuondoka kilimani.

Maswali ya Kujadili

1. Baba mzee aliyeapa kuwa Mtanzania anaomba azikwe Burundi. Watoto hawana fedha za safari. Yusufu angewashauri nini? Je, ombi la mzee linapunguza uaminifu wake kwa Tanzania?

2. Je, ni sawa mshiriki kuficha uraia wa pili kwa sababu ya hofu ya kweli? Kanisa limsaidieje bila kuubariki uongo na bila kumtesa mwenye hofu?

3. Tunawasimuliaje watoto maovu tuliyotendewa bila kuwapa urithi wa chuki? Mkiwa naye mzee aliye tayari kuzungumza, mpeni nafasi.

4. Ni maneno gani yanayotumika katika kanisa lenu yanayomfanya ndugu ajione bado mgeni? Darasa litafanya nini kuyaacha?