Mwalimu Mgumu Ni Mwalimu Mbaya?

Mwaka 2022, katika chuo kikuu kimoja cha mji wa New York, Marekani, wanafunzi 82 kati ya 350 hivi walitia mikono katika barua ya mashtaka. Walikuwa wakisoma kemia ya vitu vyenye kaboni, somo ambalo huko wengi wanaotaka kuwa waganga hulazimika kulipita. Walilalamika kwamba alama ni chache na msaada ni mdogo. Mwalimu wao, Maitland Jones, mzee wa miaka 84, alikuwa amefundisha miaka mingi Princeton na kuandika kitabu kikubwa cha somo hilo. Kabla masomo mapya hayajaanza, wakubwa wa chuo walimwondoa. Wanafunzi wenyewe hawakuwa wameliomba jambo hilo.

Je, wakubwa walitenda haki?

Wengine hujibu upesi kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Hatulipendi neno hilo. Wanafunzi wale walitoka katika miaka ya korona, walipofundishwa kwa kompyuta, kila mtu chumbani mwake. Tena nafasi za shule ya uganga ni chache, na alama moja mbaya yaweza kumfungia kijana mlango. Hofu yao ilikuwa ya kweli.

Lakini tuliangalie somo lenyewe. Etanoli, iliyo katika bia na divai, ina atomu mbili za kaboni. Metanoli ina moja tu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha: zote ni kama maji safi, zote zawaka moto. Walakini mwili huigeuza metanoli kuwa sumu inayoharibu macho, na mnywaji hupofuka au hufa. Ajabu ni kwamba etanoli yaweza kuwa dawa yake, kwa sababu ini huishughulikia kwanza, na metanoli hupata kutoka mwilini kabla haijageuka. Hayo hayafahamiki kwa kukariri majina. Basi mwanafunzi akipewa alama asizostahili, atafurahi; lakini mgonjwa atakayeletwa kwake usiku hakuulizwa, wala hakutia mkono katika barua yoyote.

Kwa hiyo kulegeza mtihani ili watu wanyamaze si huruma. Ni ukarimu wa kugawa mali ya mwingine.

Mwalimu naye ana deni. Kipimo kigumu ni cha haki kikipima ujuzi. Viko vyuo ambamo alama hugawanywa kwa kuwapanga wanafunzi, wa kwanza hadi wa mwisho, hata wote wakijua. Hapo mtu huanza kuficha daftari yake, maana ujuzi wa mwenzake ni hasara yake. Huyo atakuwa mganga wa namna gani? Tena anayempa kijana alama 20 kwa 100 yampasa kumwonyesha alipokosa na kumfundisha mara ya pili. Bwana Jones alitoa fedha zake mwenyewe ili masomo yatiwe katika video. Wanafunzi waliona msaada bado haukutosha. Wakubwa wangaliweza kuwaketisha pamoja, mzee na vijana, wafungue karatasi za mtihani swali kwa swali.