Je, Yafaa Kungoja Jino Liume?

Wako Wakristo wasemao, "Jino langu haliniumi, nimwendee daktari wa meno kwa sababu gani? Mtu mzima wa mwili akijipeleka kupimwa, je, hautafuti ugonjwa, tena hamtilii Mungu mashaka?" Swali hili lastahili kujibiwa, kwa kuwa waliulizao si wapumbavu, wala si wote wavivu.

Kwanza tuangalie jinsi jino linavyoharibika. Zamani watu wa nchi nyingi walidhani ya kuwa mdudu hulitafuna jino kwa ndani. Mwaka 1728 tabibu Mfaransa, Pierre Fauchard, aliikataa habari hiyo katika kitabu chake. Na mwaka 1890 W. D. Miller, aliyefundisha Berlin, alieleza ya kuwa vijidudu visivyoonekana kwa macho hula sukari na wanga iliyobaki kinywani, vikatoa asidi iliyeyushayo jino. Ganda la nje la jino ni gumu kupita mfupa wo wote, lakini halina mishipa ya fahamu. Kwa hiyo hutobolewa kimya, na likiisha kutoboka halioti tena. Maumivu huja baadaye, shimo likikaribia kiini cha jino. Nao ukoga usiposuguliwa huwa mgumu kama jiwe, ufizi hutoka damu, na mfupa ulishikao jino hupungua polepole. Mara nyingi mtu hasikii uchungu hata jino limelegea. Basi, angojaye uchungu angoja mjumbe achelewaye. Akifika, mara nyingi shauri lililobaki ni kung'oa. Na wazee walisema, jino la pembe si dawa ya pengo.

Pili, je, ni kukosa imani? Katika Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, iliyotolewa mwaka 1529, twafundishwa ya kuwa Mungu ndiye aliyetupa mwili na viungo vyake vyote. Kama ni hivyo, meno nayo ni amana, na aliyewekewa amana huitazama kabla haijaharibika. Mkulima wa kahawa huzunguka shambani mwake miti ingali mizima, wala hakuna amwambiaye kwamba amemwonea Mungu shaka. Kadhalika sisi twajihoji kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana, hata siku ambayo dhamiri imetulia. Maana twajua ya kuwa kimya cha dhamiri si ushuhuda wa usafi. Mwili nao una kimya chake.

Lakini tusiifanye habari hii kuwa sheria mpya ya kuwalemea watu. Muda wa kurudi kwa daktari si mmoja kwa wote: huko Uingereza mwongozo wa mwaka 2004 uliwapa watu wazima muda wa miezi 3 hata 24, kwa kadiri ya hatari aliyo nayo kila mtu. Mwenye kisukari na mvuta tumbaku wasikawie. Tena tusimhukumu mtu kwa meno yake. Katika nchi za Kilimanjaro na Meru wengi wana meno ya rangi ya kahawia, wala si kwa uchafu: baadhi ya maji ya huko yana madini ya floraidi kupita kiasi, nayo huyaharibu meno utotoni, yakiwa bado yanaumbika.

Tena iko habari ya fedha. Mjane akichagua daftari za mtoto kuliko nauli ya kwenda hospitali, hatuthubutu kumwita mzembe. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2022 ya kuwa watu karibu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa. Wengi wao hawakosi akili, wakosa njia. Hapa amri ya tano yatugusa sote, maana twafundishwa kwamba haitoshi kutomdhuru jirani. Yatupasa kumsaidia katika haja za mwili wake. Wazee wa usharika waweza kumwomba daktari aje siku moja kuwapima watu, na walimu waweza kuitangaza siku hiyo mapema.

Basi, mwenye uwezo na aende jino lingali kimya. Asiye na uwezo asiachwe peke yake. Bwana atupe hekima ya kuvitunza vyote alivyotupa.