Cheo ni Kipaza Sauti

Je, kosa lililotangazwa kwa sauti kubwa laweza kuombewa msamaha kwa kunong'ona? Ndugu wasomaji, swali hili limenijia uzeeni, nikijifunza kupiga kinanda cha mdomo.

Mjukuu wangu ndiye aliyeniletea kinanda hicho, pamoja na maikrofoni na kipaza sauti kidogo cha betri. Kina matundu 10 na ndimi 20 za shaba: nusu hulia unapopuliza, nusu unapovuta pumzi. Alitaka nijifunze blues, muziki wa watu weusi wa Marekani, kwa mtindo wa Little Walter wa Chicago. Zamani zile magitaa ya umeme yalikuwa yakikifunika kinanda cha mdomo. Yeye akakifumbata pamoja na maikrofoni ndani ya viganja vyake, sauti ikatoka nene na nzito. Mwaka 1952 alirekodi "Juke", muziki usio na maneno, nao ukampatia sifa kubwa.

Kwa kuwa nyumbani walichoka na kelele, nilikwenda kujifunzia Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma likiwa chini yangu. Nilidhani kipaza sauti chataka nguvu. Nikapuliza kwa nguvu. Ndimi zikakwama, mashine ikapiga yowe. Mjukuu akacheka: "Babu, taratibu. Nguvu anayo huyu. Wewe puliza kidogo tu." Naam, nilipopuliza kidogo kililia vizuri. Lakini hata kosa dogo lilisikika mbali.

Hapo nikakumbuka jambo la zamani. Nilipokuwa mwalimu mkuu, asubuhi moja mstarini, mbele ya shule nzima, nilimwita mtoto mmoja mwizi wa fedha za shule. Baada ya siku mbili nilizikuta katika mtoto wa meza yangu mwenyewe. Nilimwita ofisini, nikafunga mlango, nikamwambia samahani. Nikajiona muungwana. Lakini wenzake waliendelea kumwita mwizi mpaka alipomaliza darasa la saba.

Wengine watasema toba ni ya moyoni, na Mungu husikia hata nyuma ya mlango. Ni kweli, Mungu alisikia. Lakini mtoto yule aliishi na watu, nao hawakusikia. Niliogopa kwamba mwalimu akikiri mbele ya watoto, heshima itakwisha. Basi nililinda heshima yangu kwa kutumia ya mtoto.

Cheo ni kipaza sauti. Neno la mwalimu, la padre, la mzazi, hutoka dogo likafika kubwa. Mwenye nacho yampasa apulize kwa upole. Na akikosea, arudishe neno kwa kipaza sauti kilekile.

Mimi sina mstari tena, ila gazeti hili laingia nyumba nyingi za waliosimama pale. Yeye anajijua, nao wanamjua. Hakuiba. Fedha zilikuwa mezani kwangu.