Mwandiko si Hukumu

Kila mwenye kufanya kazi huacha katika kazi yake alama ya mkono wake. Msuka mikeka humjua mwenziwe kwa namna alivyokunja ukingo, na mwindaji wa kando ya mto Mbwemkuru huzisoma nyayo mchangani wakati wa kiangazi. Hali kadhalika mtunzi wa programu za kompyuta. Majina anayoyapa vitu, namna anavyoipanga kazi yake, na makosa anayoyarudia, yote hayo ni mwandiko wake. Na yule atungaye programu za kuiba fedha au kuharibu kazi za watu, ijapokuwa hulificha jina lake, mwandiko wake humfuata.

Elimu ya kuusoma mwandiko huo imekua. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani na Ujerumani walionyesha kuwa kompyuta yaweza kumtambua mtunzi kati ya watu 250 kwa usahihi wa asilimia 98, na kati ya watu 1,600 kwa asilimia 94. Hii ni elimu yenye manufaa, maana dhalimu asiyejulikana hazuiliki. Lakini je, yatosha kumtia mtu hatiani kwa mwandiko wake tu?

Tutazame yaliyotokea. Mwezi Julai 2023 huduma za serikali ya Kenya zitolewazo kwa mtandao wa eCitizen zilivurugwa, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitangaza kuwa ndilo lililofanya hivyo. Baadhi ya wachambuzi, wakizitazama desturi zake, walishuku kuwa ni Warusi waliojivika jina la Sudan. Oktoba 2024 Marekani ikatangaza mashitaka, na walioshitakiwa ni ndugu wawili raia wa Sudan.

Tena mwandiko huweza kughushiwa. Februari 2018, Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa Pyeongchang, Korea ya Kusini, programu haribifu iliingizwa katika kompyuta za michezo hiyo. Ndani yake mlikuwa na alama iliyofanana na ya kundi linalohusishwa na Korea ya Kaskazini. Wachunguzi wa kampuni ya Kaspersky walipoipima waliona haipatani na programu yenyewe: ilibandikwa makusudi, ili lawama imwangukie mwingine. Oktoba 2020 Marekani iliwashitaki maofisa 6 wa ujasusi wa jeshi la Urusi, na shambulio hilo likiwa miongoni mwa makosa waliyoshitakiwa.

Lakini hatari kubwa zaidi ni nyingine. Hesabu zile za 2015 zilipatikana pale ambapo mtunzi wa kweli alikuwamo miongoni mwa waliowekwa mbele ya kompyuta. Lau hakuwamo, mashine iliyoamriwa kuchagua tu ingemtaja yule aliye karibu naye kwa kufanana. Ndugu msomaji, sisi tunakijua chombo kinachomtaja mtu siku zote, wala hakirudi kikasema "hayumo": ni ramli. Na ni nani asiyejua ramli chonganishi ilivyowatenga wazee na jamaa zao?

Huenda ukasema kuwa haya ni mambo ya mbali. Sivyo. Katika msimu wa 2024/2025 korosho za wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, walio chini ya chama kikuu cha RUNALI, zilinadiwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Siku programu haribifu itakapoingia katika hesabu za mkulima, watu watamtafuta mtu. Na kijana mmoja wa kijiji anayeijua kompyuta ndiye atakayenyoshewa kidole cha kwanza, kwa kuwa tu yeye ndiye anayejua.

Basi kipimo cha haki ni kipi? Kumbuka kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) na kanzu zake mbili. Ya kwanza ilipakwa damu ya uongo, na baba yake hakudanganyika nayo. Ya pili ilichanwa, na shahidi akatangaza sharti kabla ya kuitazama: ikiwa imechanika mbele, Yusuf ana makosa, ikiwa imechanika nyuma, amesingiziwa. Ndipo ikatazamwa, ikaonekana imechanika nyuma, naye akatakasika. Kipimo kile kilikuwa cha haki kwa sababu kiliweza kumwachia mtuhumiwa kama kilivyoweza kumtia hatiani.

Yatupasa kuutumia mwandiko wa programu kwa namna hiyo. Na utuongoze mahali pa kutafuta. Kisha tuulize fedha zilikwenda wapi, kompyuta gani ilitumika, na saa ngapi. Naye mtuhumiwa asikilizwe. Na kabla ya yote hayo, kila mwenye kutuhumu na ajiulize: ni jambo gani nikiliona litanifanya nimwachie mtu huyu? Akikosa jibu, basi huyo hachunguzi; anapiga ramli kwa kompyuta.