Tuwaajiri Wazee Wetu Wafundishe

Ukimwambia mtu wa Garissa kwamba uzee ni suala la ajira, atakuonyesha bodaboda zilizojipanga kando ya barabara na vijana waliozikalia wakingoja abiria. Shida yetu ni vijana, atakwambia, na hatakosea. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 Garissa, 781,263 Wajir na 867,457 Mandera, na wengi wao ni watoto na vijana. Nchini kote, waliotimiza miaka 60 walikuwa kama milioni 2.7 kati ya milioni 47.6. Japani, karibu watu 3 kati ya kila 10 wamepita miaka 65.

Uzee wa wenzetu tunaujua kwa sababu umegeuka soko. Mwaka 2021 Kenya ilikubaliana na Uingereza kupeleka wauguzi huko, na Septemba 2024 ikatia saini mkataba wa wafanyakazi na Ujerumani. Kijana anayesomea uuguzi hapa Garissa anayajua hayo, nami sina neno naye. Mtu hufuata riziki ilipo. Kinachoniuma ni kwamba tunajiandaa kuwauguza wazee wa Berlin huku hatujajiuliza wazee wa Ijara na Habaswein wanaondoka na nini. Kwetu watu wengi ni vijana, lakini ujuzi mwingi ungali kwa wazee.

Tuanze na shule. Novemba 2014, watu 28 waliuawa na magaidi kwenye basi lililotoka Mandera, wakiwemo walimu. Aprili 2, 2015 tukapoteza 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, na Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha wengi waliotoka kaunti nyingine. Mzigo ukawaangukia walimu wenyeji, nao ni wachache. Sasa waliotangulia miongoni mwao wanafikisha miaka 60 na kukabidhi funguo. Mwalimu wa hisabati akistaafu Murang'a, wanaoitaka nafasi yake wamepanga foleni. Akistaafu Balambala, darasa linaweza kukaa bila mwalimu wa somo hilo, na yeye yuko nyumbani, ana nguvu, ana akili timamu.

Kwa mifugo hali ni nzito zaidi. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Familia zilizobaki mikono mitupu zilisogea pembezoni mwa miji. Mvulana ambaye angekuwa nyuma ya ngamia na babu yake, akionyeshwa malisho ya kiangazi na visima visivyokauka, anakulia mtaani. Babu yake yuko naye nyumba moja, ila hakuna ngamia wa kumfundishia.

Majuzi nilikuwa soko la mifugo la Garissa na mpwa wangu, mwenye stashahada ya afya ya mifugo. Ngamia jike alikuwa amekonda, nundu imelala. Mzee mmoja akachota mchanga uliotoka kulowa mkojo wa yule ngamia, akaufinyanga kiganjani, akaunusa.

"Dhukaan," akasema. Ni ugonjwa ambao madaktari wa mifugo huuita surra, unaoenezwa na nzi wanaouma.

"Adeer, nitachukua damu nipeleke maabara," mpwa wangu akamwambia kwa adabu, akimwita ami kwa Kisomali.

"Chukua. Lakini nusa kwanza."

Akanusa. Mzee akampeleka kwa ngamia mzima, akamnusisha mchanga wake pia, kisha akamrudisha kwa mgonjwa. Alimzungusha hivyo bila haraka, hadi kijana mwenyewe akaeleza tofauti. Damu ilichukuliwa vilevile, kama inavyopasa. Tukiwa njiani mpwa wangu akaniambia kwamba huko malishoni anakotumwa mara nyingi hakuna maabara; kuna mchanga na pua yake tu.

Mzee kama yule, akifikisha miaka 70, hulipwa na serikali shilingi 2,000 kwa mwezi chini ya Inua Jamii. Ni haki yake, na ziongezwe. Lakini msaada unamwambia tunamwonea huruma. Ujira ungemwambia tunamhitaji.

Tumewahi kuwahitaji, na tukafaidi. Mapema miaka ya 1990 koo za Wajir zilikuwa zikiuana. Wanawake, akiwemo marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walianza kutafuta amani, na mwaka 1993 wazee wakakutana na kutoa Azimio la Al-Fatah. Serikali haikuwashukuru tu ikawaacha waende zao. Juhudi zile ziliingizwa katika kamati ya maendeleo ya wilaya, na kamati za amani za mfano huo zikaundwa kwingine nchini. Kama ujuzi wa mzee katika kusuluhisha ulipata kiti ofisini, ujuzi wake wa ngamia, maji na malisho unakosaje?

Najua si kila la mzee ni la kushika. Ukeketaji nao tulirithishwa na wakubwa zetu, na lazima tuukatae. Ndiyo maana nataka mzee na kijana mwenye stashahada wakae pamoja, mmoja anuse, mwingine apime damu, na kila mmoja aweze kumsahihisha mwenzake.

Njia ipo. Serikali imeshazindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na mafundi wa jua kali wanapimwa na kupewa vyeti. Wachimba visima na wafugaji wetu wapimwe pia, na wanaofaulu walipwe kufundisha katika vyuo vya ufundi. Mwalimu aliyestaafu apewe mkataba wa kuwashika mkono walimu wapya.

Husemwa penye wazee haliharibiki neno, nasi tunawapisha viti vya mbele kwenye kila baraza. Heshima hiyo tunayo tayari. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zinapopanga bajeti ijayo, zitenge fungu la wazee wanaofundisha. Kwa kuwa ni wachache, gharama yake haitatushinda. Na kwa kuwa ni wazee, hatuna miaka mingi ya kulijadili.